Muuguzi Hana Ajira, Wodi Haina Muuguzi

Aprili 2022 serikali ya Tanzania ilitangaza nafasi 17,412 za kazi: 9,800 za walimu na 7,612 za kada za afya. Dirisha lilipofungwa, maombi ya zile za afya yalikuwa yamefika 42,558, yaani zaidi ya watu watano kwa kila nafasi. Humo walikuwamo wauguzi na wakunga waliomaliza chuo miaka kadhaa nyuma, leseni mkononi, wengine wakijitolea bila mshahara katika hospitali zilezile walizotamani ziwaajiri. Muda huohuo, katika zahanati nyingi za vijijini, muuguzi mmoja alikuwa akipima uzito wa watoto, akichoma chanjo na kujaza kadi za kliniki, hadi mama mwenye uchungu afikishwe kwa bodaboda. Hapo foleni yote husimama, maana anayezalisha ni yuleyule.

Kwa kawaida ya soko, mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Nyanya zikiadimika Kariakoo, bei hupanda kabla jua halijatua, na wiki haiishi kabla malori hayajaelekezwa huko. Uuguzi umelia uhaba kwa miongo kadhaa, lakini bei yake haipandi hivyo, na hata mzigo uliokwisha kufika sokoni haununuliwi wote.

Kiswahili chenyewe kina mtego hapa. Neno “mahitaji” hubeba mambo mawili: anachokihitaji mgonjwa, na anachokuwa tayari kukilipia mwajiri. Mgonjwa wa presha kule Namtumbo anamhitaji muuguzi, lakini hamwajiri. Mwenye kuajiri ni serikali kuu, halmashauri, kaunti, hospitali ya misheni, kliniki ya mtu binafsi au mradi wa wafadhili. Uhitaji wa mgonjwa huongezeka kwa kuzaliwa, kuugua na kuzeeka. Mahitaji ya mwajiri huongezeka kwa bajeti. Mambo mengi yanayosemwa juu ya uhaba wa wauguzi huvichanganya hivi viwili.

Hata takwimu kubwa za dunia zina shida hiyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2025 kuhusu uuguzi ilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani kote mwaka 2023, na upungufu wa milioni 5.8. Asilimia 78 ya wauguzi hao wako katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu. Namba hizi hupendwa sana kwenye hotuba za Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani. Zinapima uhitaji, na kazi hiyo zinaifanya vizuri, ila hazisemi nani angewalipa hao milioni 5.8 kama wangepatikana kesho asubuhi.

Uhitaji wenyewe haubishaniwi. Sensa ya 2012 iliwakuta Watanzania milioni 44.9. Ile ya 2022 ikawakuta milioni 61.7. Ndani ya miaka kumi pameongezeka watu karibu milioni 17, na wengi wao ni watoto wanaohitaji chanjo na kinamama walio katika umri wa kuzaa. Juu ya wingi wa watu kuna mabadiliko ya mwenendo. Mwaka 2015/16, wajawazito waliojifungulia katika vituo vya afya Tanzania walikuwa asilimia 63. Kufikia utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 walikuwa asilimia 81. Utafiti huohuo ulionyesha vifo vitokanavyo na uzazi vikishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Haya ni mafanikio ya kujivunia, na kila asilimia iliyoongezeka ni maelfu ya mikesha ya wakunga. Kenya ilionja jambo hilo Juni 2013 ilipofuta ada za kujifungua katika hospitali za umma. Kinamama walifurika, na waliowapokea ni wauguzi walewale waliokuwapo mwezi wa Mei.

Kisha yako magonjwa ya kukaa nayo. Malaria humleta mgonjwa akatibiwa akaenda zake. Kisukari, presha na VVU humfanya mgonjwa awe mteja wa maisha, wa kurudi kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, kupimwa, kuhojiwa, kukumbushwa dawa. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya muuguzi.

Siasa nayo huongeza uhitaji, tena kwa nia njema. Mwaka 2007 Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kama MMAM, uliolenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Tozo za miamala ya simu zilizoanza 2021, pamoja na zogo lote zililoleta, zilijenga vituo vya afya vya tarafa. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotolewa mwaka huohuo kwa ajili ya kukabili UVIKO-19, ulijenga majengo ya wagonjwa mahututi na ya huduma za dharura. Wodi ya mahututi hula wauguzi kuliko wodi yoyote nyingine, kwa kuwa mgonjwa aliye kwenye mashine haachwi peke yake hata usiku wa manane. Jengo hulipiwa mara moja, mshahara hulipwa kila mwezi kwa miaka thelathini. Tena jengo lina utepe wa kukatwa siku ya uzinduzi. Ikama, ile orodha ya nafasi ambazo kituo kinastahili kuwa nazo, haina utepe.

Mlango unaofunga soko hili uko hazina, na historia yake ni ndefu. Katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, Tanzania na Kenya zote zilibana ajira serikalini na kupunguza watumishi. Vyuo havikufungwa. Viliendelea kutoa wahitimu kila mwaka, nao wakaanza kurundikana mitaani. Kufikia mwaka 2005 Kenya ilikuwa na maelfu ya wauguzi waliosomeshwa wasio na kazi, huku vituo vya umma vikikosa watu. Ufumbuzi ulikuja kwa pesa za nje: mpango wa ajira za dharura uliofadhiliwa na Marekani uliwaajiri watumishi wa afya 830 kwa mikataba na kuwapeleka kwenye vituo vilivyopungukiwa zaidi. Watu hawakuhitaji kusomeshwa upya. Walikuwa nyumbani, wakisubiri kuitwa.

Mkasa wa mwaka 2017 unaliweka jambo hili wazi zaidi, ingawa wahusika wake walikuwa madaktari. Mgomo wa siku mia moja wa madaktari wa Kenya ulikuwa umemalizika tu Machi mwaka huo, na ujumbe wa Kenya ukafika Dar es Salaam kuomba madaktari. Rais John Magufuli alikubali kutoa 500. Tanzania, nchi iliyokuwa inapungukiwa na madaktari, ilikuwa na 500 wa kuazimisha! Waliokuwapo ni wale ambao hazina haikuwa imewatengea mishahara. Madaktari wa Kenya walikwenda mahakamani, mpango ukazuiwa, na Magufuli akaagiza waombaji 258 waliokuwa tayari kwa safari hiyo waajiriwe papo hapo nyumbani. Nafasi zilipatikana siku moja baada ya kukosekana kwa miaka.

Kipindi hichohicho kilionyesha jinsi bomba la ajira linavyoweza kukatwa kwa sababu zisizohusiana kabisa na wagonjwa. Juni 2016 ajira mpya na upandishaji wa vyeo vilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, nao wakatakiwa kuondoka kazini. Wengine walikuwa wa sekta ya afya. Haja ya uhakiki huo haina ubishi, na mgonjwa hastahili kuhudumiwa na mwenye cheti bandia. Lakini wodi iliyompoteza mtu wiki hii haikupata mbadala wiki iliyofuata.

Kenya ina mlango wa aina nyingine. Tangu 2013 hospitali na zahanati nyingi ziko mikononi mwa kaunti 47, na kanuni za fedha za umma za mwaka 2015 zinazitaka kaunti zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu. Gavana anayeona wazi kwamba hospitali yake haina wauguzi wa kutosha, huku akiwa ameshapita kiwango hicho, hawezi kuajiri bila kukaripiwa. Wanaokaripiwa mara nyingi wamejaza watumishi wa ofisini kuliko wodini, na kanuni haitofautishi kati ya muuguzi wa zamu ya usiku na karani wa nne kwenye ofisi ya watu wawili.

Ndiyo maana bei haipandi kama ya nyanya. Mnunuzi mkuu ni mmoja, naye hupanga bei kwa waraka. Muuguzi asiyeridhika hana duka la jirani la kwenda kuuza, labda hospitali ya binafsi inayolipa chini ya hapo. Njia yake ya kupandisha bei ni mgomo. Wauguzi wa Kenya waliweka chini vifaa Juni 5, 2017, wakavirudia Novemba 2, takriban siku 150 baadaye. Kiini cha ugomvi kilikuwa makubaliano ya mishahara na marupurupu ambayo Tume ya Mishahara na Marupurupu haikuyaridhia kwa kuhofia mzigo wake. Kwa miezi mitano, mama wa Kilifi au Kakamega aliyekuwa na pesa alikwenda hospitali ya binafsi. Asiye nazo alirudi kwa mkunga wa jadi.

Pesa za wafadhili nazo zilichora upya ramani ya ajira. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulioanza 2003, ulifungua kliniki na miradi iliyolipa vizuri kuliko serikali, na wauguzi wengi wazoefu wakahamia huko kutoka wodini. Waliobaki wodini wakaongezewa vitanda vya wenzao. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje, mkondo uligeuka ghafla. Waliokuwa na mishahara minono ya miradi wakajikuta kwenye foleni moja na wahitimu wapya. Kenya ilikuwa na foleni yake nyingine tayari: maelfu ya watumishi wa afya waliochukuliwa mwaka 2020 kwa mikataba ya miaka mitatu, ambao mwaka 2025 walikuwa bado wakiandamana Nairobi kudai ajira ya kudumu.

Serikali zimetafuta njia ya bei nafuu. Septemba 2023 Kenya ilizindua jeshi la wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, na Januari 2024 Tanzania ikaanza mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Wanaodhani hawa watapunguza haja ya wauguzi huenda wakashangaa. Mhudumu anayegonga mlango akamkuta mzee mwenye presha ya kutisha anamwandikia rufaa ya kwenda zahanati, na zahanati ndiko aliko muuguzi.

Upande wa ugavi huzungumzwa sana kwa sababu ndio rahisi kuonekana: vyuo. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, kilichoanza 1927, leo kina matawi nchi nzima, na Tanzania vyuo vya binafsi na vya mashirika ya dini vimeongezeka kwa kasi tangu miaka ya 2000. Mwaka wa masomo 2023/24 Tanzania ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada, fani za afya zikiwamo, na hilo limeondoa kikwazo kikubwa kwa mtoto wa mkulima. Kinachopungua ni mahali pa kujifunzia. Muuguzi hafundishwi darasani peke yake. Hujifunza kando ya kitanda, akisimamiwa na mzoefu ambaye ana muda wa kumwonyesha. Wanafunzi kumi na watano wakimzunguka mgonjwa mmoja, wa mwisho huona mgongo wa mwenzake. Na mzoefu wa kuwasimamia ni yuleyule mwenye wagonjwa arobaini.

Hata aliyeajiriwa si lazima akae alikopangiwa. Nyumba ya mtumishi haina umeme, posho ya mazingira magumu haijulikani itatoka lini, shule ya mtoto iko mbali. Kwa kuwa wauguzi wengi ni wanawake, kuna sababu nyingine ambayo kila afisa utumishi anaijua kwa jina: uhamisho wa kumfuata mwenza. Mume anafanya kazi Mwanza, mke kapangiwa Mpanda, na baada ya miaka miwili barua inaandikwa. Programu ya Mkapa Fellows, iliyoanza 2005, ililijibu hilo kwa kuwapeleka watumishi wa afya katika wilaya zenye shida kwa mikataba yenye maslahi bora. Ilifaa ilipofika, na ilifika wilaya chache.

Mfano bora wa kilichowezekana uko kwa jirani. Mwaka 2004 Malawi ilikuwa inakimbiwa na wauguzi wake kuelekea Uingereza. Serikali ya nchi hiyo, kwa pesa za wafadhili wakiwamo Waingereza haohao, ikaongeza mishahara ya kada 11 za afya kwa asilimia 52 na kupanua vyuo kwa wakati mmoja. Watumishi wa kada hizo wakaongezeka kutoka 5,453 mwaka 2004 hadi 8,369 mwaka 2009. Bado hawakutosha, lakini ugavi uliitikia haraka mara tu pesa na vyuo vilipokwenda pamoja.

Kuondoka kwenda nje ndiko kunakoandikwa zaidi magazetini. Uchunguzi uliotumia kumbukumbu za wauguzi wa Kenya wa kati ya 1999 na 2007 uligundua kuwa asilimia 6 ya wauguzi 41,367 waliomba nyaraka za kwenda kufanya kazi nje. Kwa kila wauguzi 4.5 ambao vyuo viliongeza, mmoja aliomba kuondoka, na asilimia 85 ya waombaji walikuwa wenye stashahada au shahada, yaani walewale ambao wodi huwategemea kuongoza wengine. Mchumi Joses Kirigia na wenzake walikadiria mwaka 2006 kwamba kumsomesha muuguzi wa Kenya tangu shule ya msingi hadi chuo kunagharimu dola 43,180. Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba humpokea bila kulipa ada hata ya chekechea.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba aliyebaki angeajiriwa. Kama angebaki nyumbani akisubiri tangazo, hasara ni ya nchi ile iliyomfundisha akakaa bure, na visa haikuileta. Nairobi imeliona hilo na kuligeuza sera. Julai 2021, Rais Uhuru Kenyatta akiwa London, Kenya na Uingereza zilisaini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wasio na ajira katika hospitali za Uingereza. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akaja kutangaza jambo lililowashtua wengi: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Kundi la kwanza liliondoka Juni 2022. Septemba 2024 Kenya ilisaini makubaliano mengine ya kazi na Ujerumani mjini Berlin, Rais William Ruto akiwapo. Pesa zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka huo, na serikali yenye deni haiwezi kuzipuuza.

WHO ilipitisha mwaka 2010 kanuni za hiari za kuajiri watumishi wa afya wa nchi nyingine, na mwaka 2023 ikatoa orodha ya nchi 55 zisizopaswa kuchotwa ovyo. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Kenya haimo. Ni Kenya yenyewe iliyoiomba Uingereza isiwachukue wauguzi wake ila kupitia makubaliano yao.

Mahitaji ya huko ughaibuni nayo hayatoki mbinguni. California ilipitisha mwaka 1999 sheria ya idadi ya chini ya wauguzi kwa wagonjwa, ikaanza kutumika 2004: katika wodi za kawaida muuguzi mmoja asiwe na wagonjwa zaidi ya sita, na kuanzia 2005 wasizidi watano. Sheria moja iligeuza uhitaji wa mgonjwa kuwa nafasi za kazi zenye mshahara. Nyuma ya hoja hiyo ulikuja utafiti wa Linda Aiken wa 2002, ulioonyesha kwamba kila mgonjwa anayeongezwa kwa muuguzi mmoja huongeza uwezekano wa kufa kwa wagonjwa wa upasuaji kwa asilimia 7. Uingereza ilipofuta ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi mwaka 2017, waombaji wa vyuo vyake walipungua, na pengo likazibwa na wageni. Mwaka 2020 ikarudisha msaada wa pauni 5,000 kwa mwaka.

Mahitaji ya namna hiyo hushuka pia, na athari zake hufika hadi Afrika Mashariki. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, wauguzi na wakunga kutoka nje waliojisajili Uingereza walipungua kwa takriban theluthi moja. Agosti mwaka huo serikali ya Uingereza ililazimika kuwaahidi wahitimu wake wenyewe wa uuguzi kwamba watatafutiwa nafasi, kwa kuwa hospitali zilizobanwa na bajeti hazikuwa zikiwachukua. Mwanafunzi aliyeingia chuo cha uuguzi Kenya Septemba 2021, miezi miwili baada ya makubaliano ya London, alimaliza stashahada yake, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi, akalipia masomo ya kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Alipokuwa tayari, London ilikuwa na foleni ya wake wenyewe, kaunti yake imeshapita asilimia 35, na kliniki ya mradi iliyokuwa ikiwachukua waliomtangulia imefungwa.